Sabuni Iliyokwenda na Mto

Wenzangu mliorudi Juba mkiwa mmekaa juu ya magunia nyuma ya lori, vumbi la barabara ya Nimule kutoka Uganda likiwa limetufanya sote rangi moja, nyinyi hamhitaji kuelezwa mengi. Nawaandikia nyinyi. Hawa wadogo zetu waliofumbua macho wakakuta lami, pizza na intaneti, wao nao wasome kama bando lao halijaisha.

Juba ile ya utoto wetu ilikuwa mji wa kuombana. Asubuhi mtoto alitumwa kwa jirani na kijiko kuomba chumvi, akirudi anatumwa kwa jirani mwingine na kipande cha bati kuomba kaa moja la moto. Maji yalikuja kwa baiskeli, madumu manne yamefungwa kwa mpira, na mwenye baiskeli aliyajua majina ya watoto wote wa mtaa wetu wa Buluk pamoja na tabia zao. Sisi wasichana tuliruka kamba iliyokatwa kwenye tyubu ya gari, wavulana walicheza mpira wa mifuko ya nailoni uliokuwa ukifumuka kila baada ya bao, basi wakakaa nusu saa wanaufunga upya huku wakigombana kama bao lilihesabika. Shule yetu ilikuwa na mabati juu na upepo pembeni. Mvua ikinyesha mwalimu alinyamaza, maana hata angepiga kelele asingesikika, nasi tukakaa kimya tukinusa mandazi ya mama mmoja Mganda aliyekaanga nje ya uzio. Nikifumba macho naisikia ile harufu hadi leo.

Nyumbani tuliongea kila kitu kwa wakati mmoja. Mama alitukaripia kwa Kibari, tulicheza na wenzetu kwa Kiarabu cha Juba, na Baba, ambaye alikuwa fundi wa magari na alijifunzia kazi kwenye gereji za Arua, Uganda, aliongea Kiswahili chake cha kule, kisichojali hiki wala hicho. Kiswahili hiki mnachokisoma nilikipata baadaye nilipopelekwa sekondari Kitale, Kenya, na Baba alinicheka sana niliporudi nacho likizo. Alisema nimekuwa kama redio.

Jambo moja lilituuma sisi tuliorudi. Watoto waliobaki Juba wakati wote wa vita walituita watoto wa Uganda, kwa kuwa tulikulia kwenye kambi za wakimbizi kule. Tukikosea neno, tumekosea kwa sababu ni wa Uganda. Tukishinda mchezo, tumeiba kwa sababu ni wa Uganda. Mama alijibu hayo kwa usafi. Alitusugua miguu kila tulipotoka nje hata kama ni kwenda chooni tu. "Watu wakiona miguu yako ina vumbi," alikuwa akisema, "watasema ndio hao, wametoka kambini hawajui maji." Baba yeye alijibu kwa mto. Alilelewa Laropi, upande wa Uganda, palepale ukingoni mwa Nile, na mtu akimwambia yeye ni mgeni Juba alicheka tu. "Maji hii ilipita Laropi kwanza," alikuwa akisema. "Ilituona kule, ikaja huku kusema tunakuja."

Mwaka wetu wa pili hapa, Mama alijifungua mdogo wangu Keji. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mtoto alizaliwa mzima, mwenye sauti, lakini maziwa ya Mama hayakutoka. Siku ya kwanza watu walisema yatakuja. Siku ya tatu walinyamaza. Keji alilia mpaka kilio chake kikawa chembamba, na kilipokuwa chembamba ndipo Mama alipoanza kulia yeye. Mama mkunga wa mtaa wetu akaja, akamtazama Mama, akasema anywe supu ya kambare, nyingi, ya moto, na kambare awe mbichi aliyetoka majini siku hiyohiyo. Kambare walikuwepo sokoni Konyo Konyo, tena wakubwa, ila gereji alikofanya kazi Baba ilikuwa imefungwa mwezi mzima na mfukoni hakukuwa na kitu. Baba aliinuka. Alichukua fimbo yenye mshipi na ndoano tatu, akaniangalia, akasema, "Poni, twende bahari." Bahari ndivyo tunavyouita mto hapa, kama mnavyojua.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Mdogo wangu analia nyumbani nami nafurahi kwa sababu naenda mtoni na Baba, mimi peke yangu. Tulishuka kwa miguu kutoka Buluk, Baba mbele na mimi nyuma na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na chapati mbili, kisu, chupa ya maji na kipande cha sabuni nyeupe ya mche, kimefungwa kwenye karatasi. Baba hakunieleza sabuni ni ya nini. Wazazi wetu hawakuwa watu wa kueleza. Leo mtoto wa miaka minne ukimwambia vaa viatu anataka sababu tatu, na ukimpa zote tatu anakwambia hajashawishika. Sisi tulibeba tulichopewa.

Mtoni palikuwa na watu wengi, maana wakati ule ukingo wote ulikuwa wa kila mtu. Magari ya maji yalikuwa yanavuta kwa pampu, vijana wanaosha pikipiki, akina mama wanafua juu ya mawe na nguo zimetandazwa kwenye majani hadi mbali. Baba akaniambia nikae chini ya kichaka nisiondoke, yeye akaenda kutafuta vijiwe vya kufungia mshipi uzame. Nikaitazama miguu yangu. Ilikuwa na vumbi hadi magotini. Nikawasikia kichwani mwangu watoto wa shule wakicheka, nikamsikia na Mama. Nikafungua mfuko, nikaitoa sabuni, nikaona kumbe Baba naye amefikiria jambo hilohilo.

Nilijisugua kwa moyo wote. Nikaosha miguu, nikaosha uso, nikainua upindo wa gauni na kuufua pale pale mwilini. Povu lilikuwa jingi na lilinuka mafuta ya ng'ombe. Nilipoinama kusuuza mikono sabuni ikaniteleza, nikaiona ikizama polepole, nyeupe, halafu mto ukaipeleka. Sikushtuka sana. Nilijua nitagombezwa, lakini sabuni ni sabuni.

Baba aliporudi na vijiwe vyake aliniona nang'aa. Akafungua karatasi. Akaipindua, akachungulia ndani ya mfuko, akatazama miguu yangu, akaelewa. Mimi nikangoja kofi. Baba akakaa chini.

"Poni," akasema taratibu, "ile ilikuwa chakula ya samaki."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Samaki gani anakula sabuni? Wenzangu mliokulia mtoni mnacheka sasa, maana mnajua kambare anavyoipenda sabuni ya mafuta, anaifuata kama mbwa anavyofuata bucha. Watu wa Laropi wote walivua hivyo. Lakini mimi nililelewa kambini, mbali na maji, na niliijua sabuni kwa kazi moja tu. Baba hakucheka. Aligeuza uso akatazama upande wa pili wa mto, na mabega yake yaliposhuka ndipo nilipojua nimefanya nini.

Alijaribu kuchimba nyungunyungu, lakini ilikuwa kiangazi na udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Akafinyanga kipande cha chapati akakifunga kwenye ndoano, vidagaa wakakidonoa kikaisha kabla hakijazama. Akafunga kingine, kikaisha vilevile. Jua lilikuwa limepanda. Nikamuuliza Baba kama Keji atakufa. Akavuta tena ndoano tupu, nami nikaanza kulia kwa sauti.

Karibu nasi palikuwa na mama mmoja aliyekuwa anafua shuka, rundo kubwa la shuka nyeupe. Zilikuwa za nyumba moja ya wageni, maandishi ya lodge yako kwenye pindo. Alikuwa mnene, amejifunga leso mbili kiunoni, na kwa lafudhi yake alikuwa Mganda kama yule wa mandazi. Aliinua kichwa.

"Mwana wange, unalilia nini hapo?"

Baba akawahi kujibu, akimwita bibi kwa Kiganda. "Hapana kitu, nyabo. Mutoto tu."

Lakini mimi nilikuwa nimeshafunguka. Nilimweleza yote, Mama, maziwa, mkunga, kilio cha Keji kilivyopungua, sabuni na miguu yangu. Nilisema hata la gereji. Baba aliinamisha kichwa. Hata sasa nikiandika hivi naona aibu kwa ajili yake, mwanamume mzima kasimama na fimbo isiyo na chambo huku mtoto wake anamwanika mbele ya watu.

Yule mama hakusema pole. Alikausha mikono, akachukua mche wake wa sabuni, ambao ulikuwa umebaki kama nusu, akachomoa uzi mrefu kwenye upindo wa leso yake. Akauzungusha uzi kwenye sabuni, akavuta. Sabuni ikakatika vipande viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Akampa Baba kile kikubwa.

"Nyabo, hii ni mingi," Baba akasema. "Na wewe iko na shuka zote hizi za lodge."

"Sebo, bwana, chukua. Mimi nimezaa watano. Hiyo kilio naijua."

Pembeni yetu palikuwa na mvuvi ndani ya mtumbwi, amevaa kofia ya sufu katika joto lile, na ndani ya mtumbwi wake mlikuwa na kambare wawili wakubwa wanatikisa mikia. Alikuwa amesikia yote. Akasogeza mtumbwi, akatazama mahali Baba alipokuwa anataka kutupa ndoano, akatikisa kichwa. "Hini mafi samak," akasema, hapa hakuna samaki. Akanyoosha mkono kuomba mshipi. Baba akafunga vipande vya sabuni kwenye ndoano zote tatu, akampa. Mvuvi akapiga kasia hadi penye kina, karibu na mahali kijito kinapoingilia, akauzamisha mshipi hapo, halafu akarudi taratibu akiulegeza, na alipofika ukingoni akaurudisha mwisho wake mkononi mwa Baba.

Nilimkasirikia sana yule mtu. Niliona kambare wake wawili, nikajiuliza kwa nini asitupatie mmoja tukaenda zetu. Nimekuja kumwelewa nikiwa mkubwa. Angeweza kutupatia samaki. Alimwona Baba, akaniona mimi ninayemtazama Baba, akaona kinachohitajika ni mshipi uwe mkononi mwa Baba.

Tulingoja. Mvuvi alikaa nasi, tukagawana chapati iliyobaki, akamuuliza Baba ni wa wapi. Baba akasita kidogo, nikajua anatafuta kama aseme Uganda au aseme hapa. Akasema, "Ana ja min Laropi," nimetoka Laropi. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akasema maji ya Laropi ndiyo haya. Maneno yaleyale ya Baba, na hakuna aliyemfundisha. Baba alinitazama kwa macho fulani ambayo sikuyaona tena usoni kwake hadi siku nilipomaliza shule.

Halafu mshipi ukakaza. Baba akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akavuta, akalegeza, akavuta. Kambare alipotokea alikuwa mrefu kama mkono wangu wote na vidole, mweusi, sharubu zinachezacheza. Yule mama akapiga kigelegele na wafuaji wengine wakamfuata bila kujua ni cha nini.

Kwao Baba kulikuwa na desturi: mwenye kutoa chambo hukatiwa mkia. Baba akatoa kisu, akamgeukia mama. Yule mama akamkataza kwa mkono wenye povu. "Mkia ndiyo iko na mafuta. Peleka kwa mama mutoto." Baba akamgeukia mvuvi, lakini mvuvi alishaanza kusukuma mtumbwi, hata hakugeuka. Baba akabaki na kisu hewani. Akashukuru kwa lugha zote alizozijua, tukaondoka mbio.

Sasa ndipo nawaeleza jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Tulipofika juu ya mteremko niligeuka nyuma. Yule mama alikuwa amepiga magoti, kile kipande kidogo kimekwisha, shuka nyingi bado ziko kavu. Alichota mchanga wa mto, akaumwaga kwenye shuka, akaanza kusugua kwa mchanga. Shuka nyeupe za watu. Niliona. Nilijua kwamba nikimwambia Baba atarudi, maana alikuwa mtu wa hivyo, angerudi na kumlazimisha achukue sabuni tuliyoondoka nayo mfukoni kwa haraka, na wangeanza kubishana, na samaki angechelewa. Nikanyamaza. Nilimshika Baba mkono nikamvuta.

Mama alikunywa supu bakuli mbili mchana ule, akanywa tena jua lilipokuwa linashuka, na kabla ya taa kuwashwa maziwa yalianza kutoka. Keji akanyonya, akanyamaza, akalala. Baba alikaa mlangoni akiwasimulia majirani jinsi alivyovuta, na samaki akawa anakua kila jirani mpya alipofika. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba nikinusa mikono yangu. Bado ilinuka sabuni.

Baba alifariki miaka minne iliyopita, na lile la mchanga sikumwambia. Sijui nilikuwa nangoja siku gani. Namkumbuka sana, na ninapomkumbuka huwa namwona palepale, ameshika mshipi, mtu aliyefika kwao.

Mimi sasa nafanya kazi ya usimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya Hai Amarat, hapa Juba. Kila asubuhi wasichana wangu wanatoa vyumbani visabuni vidogo, mgeni amevitumia mara moja akaviacha. Sheria ni kuvitupa. Nimeshindwa. Navikausha na kuviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likijaa nanunua lingine. Keji, ambaye sasa ana miaka ishirini, hali kambare kwa sababu ananuka tope, na chakula chake hakiliwi mpaka kipigwe picha kwanza, ananicheka. "Dada, unafuga sabuni?"

Jumamosi iliyopita nilibeba kopo moja, nikamwambia twende mtoni. Alijipaka poda akidhani tunakwenda kula kwenye mikahawa ya ukingoni, ile yenye viti vya plastiki na muziki. Na kweli pale penye kichaka changu pana mkahawa na ukuta, na mlinzi akatuuliza tunamtafuta nani. Ningemjibu nini? Tulizunguka ukuta, tukashuka chini zaidi, Keji akilalamikia viatu vyake, hadi tukawakuta wafuaji kwenye kipande kidogo cha ukingo kilichobaki. Wapo bado, wachache. Nilitazama nyuso zote za wakubwa kwa makini, kwa upumbavu wangu, maana hata akiwa hai nisingemjua.

Nikamwendea msichana mmoja aliyekuwa na beseni la nguo, nikamwekea kopo mbele yake. Akafungua, akanusa kisabuni kimoja, akanitazama kwa wasiwasi.

"De be kam?" Hii ni bei gani? Zamani ile, ukingo uleule, hakuna aliyeuliza hivyo.

"Siuzi. Chukua."

"Ni ya nani basi?"

"Ya mama mmoja aliyekuwa anafua hapa."

Akauliza mama gani, anaitwa nani, labda anamjua. Nikamwambia jina lake sikumuuliza, najua tu kwamba alitukatia sabuni yake ya kufulia, Baba akavulia kambare. Keji akashusha simu. Hadithi ya samaki wa Baba alikuwa ameisikia mara mia, lakini ndani yake hakukuwa na mama huyu, maana Baba alisimulia kuvuta tu, na akianza mimi nilikuwa nikitoka nje.

"Dada, mtu anakusaidia hivyo na hata jina humuulizi?"

"Nilikuwa na haraka," nikamwambia. "Nilikuwa nimebeba samaki wako."